Mlango wa Lori la Samaki Juu ya Tangi la Maji

Shemeji yangu Wandera alisema sitaweza. Alisema hayo kwenye kibanda chake cha kubadilisha fedha, karibu na geti la mpaka hapa Busia, mbele ya wateja, kwa sauti ya mtu anayenadi mitumba.

“Mainjinia wa Kampala wamekuja na magari ya kiyoyozi, wamepima, wameandika bei, wamerudi kwao. Sasa huyu shemeji mwenye diploma, aliyekuwa anafunga nati Uarabuni, ndiye atawapa mawakala intaneti? Na dishi za kukaushia dagaa wa mukene?”

Watu walicheka. Hata askari wa geti alicheka, na hakujua tunazungumzia nini.

Vijana, nawaambia mapema ili msisome kwa wasiwasi: niliweza. Leo magoti yangu hayataki tena ngazi. Nimestaafu, nakaa Tororo mjini kwenye nyumba niliyoijenga kwa jasho langu, na diploma yangu iko sebuleni ndani ya fremu, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Sioni haya kujisifu. Kujisifu kwangu kuna ushahidi, na ushahidi wenyewe uko Busia juu ya tangi la maji la loji. Nendeni mkautazame.

Kazi yangu ilikuwa antena. Si antena za televisheni ambazo kila mtu anazijua. Zangu ni za mawimbi ya milimita. Wimbi lenyewe ni fupi, urefu wake kama punje ya mchele. Kwa ufupi huo linabeba mzigo mkubwa wa data, na unaweza kulielekeza mahali pamoja kama mwanga wa tochi, bila kugombana na simu na redio zote za nchi mbili zinazopiga kelele hapa mpakani. Lakini lina deko. Halipendi maji, halipendi ukuta, halipendi hata mwili wa mtu akipita mbele yake. Na vifaa vyake ni ghali.

Kwa nini ni ghali? Hapo ndipo vijana wengi wanakosea. Wanadhani kinachokula pesa ni antena. Antena ni kipande cha chuma tu. Nilifundishwa haya na msimamizi wangu kule Ghuba, Bwana Gurung, mtu wa Nepali, mfupi, mwenye hasira za asubuhi, aliyepanda minara kama anayepanda kitandani. Siku moja alifungua paneli moja iliyoharibika akanionyesha ndani. Kulikuwa na vijiantena vingi vimepangwa kama meno ya mahindi, na nyuma ya kila kimoja kulikuwa na chipu yake ya kukuza mawimbi na chipu yake ya kuyageuza.

“Owori,” akasema, “una kwaya. Kila mwimbaji ana maikrofoni yake na fundi wake wa maikrofoni. Unamlipa nani hapo?”

“Mafundi.”

“Waimbaji wanaimba bure. Sasa waimbaji wanne wakishiriki maikrofoni moja, umeokoa kiasi gani? Na kama mwimbaji ni mmoja tu, nyuma yake kuna ukuta uliopinda unaoikusanya sauti na kuipeleka mbele?”

Ukuta uliopinda ni dishi. Kabla hujanunua chipu nyingine, jiulize kama bati litafanya kazi hiyo. Hilo ndilo Bwana Gurung alilonipa, na nililirudisha nyumbani likiwa na thamani kuliko masanduku yangu yote. Paneli ya kisasa inaweza kugeuza mwale wake huku na huko kama shingo ya bata. Ni kitu kizuri, nakiheshimu. Lakini kama unaunganisha nyumba mbili, na nyumba hazitembei, shingo ya bata ni ya nini?

Sasa turudi Busia. Kuna uwanja ambapo malori yanasubiri kibali, na ng'ambo ya uwanja kuna safu ndefu ya ofisi za mawakala wa forodha, wale wanaoshughulikia makaratasi ya mizigo inayovuka mpaka. Waya wa intaneti ya kasi uliishia upande huu, kwenye jengo la Barasa, mwenyekiti wao. Kuchimba uwanja haikuwezekana. Malori yalikuwa yamekwisha kuponda kila bomba lililowahi kuzikwa pale. Mainjinia wakapendekeza paneli mbili za kisasa na mlingoti mrefu. Mawakala walipoiona bei, wengine walikaa chini.

Nikamwambia Barasa nitafanya kwa sehemu ndogo ya bei ile. Redio mbili ndogo zenye chipu moja moja, na dishi mbili kuukuu za televisheni za kukusanya mwale. Ruhusa ya kurusha mawimbi nitaifuata mwenyewe, na mwale hautavuka mpaka.

Barasa alikuwa mtu wa maneno machache. “Fundi, sisi hatulipi dishi. Tunalipa netiweki. Mvua za masika zikipita na netiweki bado iko, utapata pesa yako yote. Isipokuwapo, ng'oa vyuma vyako uende.”

Nilikubali. Mnaweza kuniita mjinga, lakini mtu anayejiamini hajadili sana. Shida ilikuwa pesa ya kuanzia. Akiba yangu ya Ghuba ilikuwa imeingia kwenye kuta za nyumba. Wandera alinikopesha sehemu, huku akinicheka, na mbele ya mashahidi wawili. Sehemu kubwa ilitoka kwa dada yangu mkubwa, Athieno, mjane anayelima kule Mella. Alikuwa amekwisha kulima msimu wa kwanza. Akauza mafahali wake wawili wa plau, wale aliowafundisha tangu wakiwa ndama.

“Msimu wa pili ukifika sina ngombe,” akaniambia, “mimi nakula nini? Diploma?”

“Watakuwa wamerudi.”

“Mimi nakusikia, Owori. Mimi nakusikia vizuri sana.”

Kwa hiyo mjue nilikuwa nimebeba nini kila nilipopanda ngazi ile. Nilibeba shamba la dada yangu.

Dishi nilizipata Lumino kwa bei ya kutupa. Akina mama wauza samaki walikuwa wamezigeuza sinia za kuanikia mukene, dagaa wale wadogo ambao wenzetu wa upande wa Kenya huwaita omena. Nikazifuta kwa kitambaa, nikazifunga, nikaona kazi imekwisha. Asubuhi iliyofuata netiweki hakuna. Kupanda juu, nakuta paka ameketi kwenye mkono wa dishi, ameipa redio mgongo, analamba bati. Mwili wa paka ni maji kwa sehemu kubwa, na niliwaambia mawimbi haya hayapendi maji. Nikamfukuza paka, wakaja mwewe. Nilisugua zile dishi kwa majivu na ndimu, nikazipaka rangi ya mafuta, ndipo wakaniacha. Mkinunua dishi kuukuu, linuseni kwanza. Hilo halimo katika kitabu chochote.

Jingine: kwa dishi hizi za televisheni redio hukaa chini, si katikati. Zikilenga sawasawa na upeo wa macho, zinaonekana kama zimeinamia ardhi. Kwa siku nyingi waendesha boda boda waliniuliza, “Mzee, dishi yako inatazama kuku?” Msizinyanyue ili kufurahisha watu wa boda boda. Nilishawahi kumwona kijana akifanya hivyo Malaba, akarusha mwale wote mbinguni, malaika wakapata intaneti.

Basi, mwale ukashika. Asubuhi mawakala walifungua kompyuta zao wakawa kama watoto. Barasa mwenyewe alinipa soda. Kisha ikafika saa nane mchana, mwale ukafa. Jioni ukafufuka. Kesho yake vivyo hivyo, na siku iliyofuata.

Nikasema ni joto. Redio inachemka. Nikaifunika gunia lililoloweshwa maji, nikajipongeza kwa akili. Ikafa hata asubuhi. Gunia lenye maji mbele ya wimbi la milimita! Bwana Gurung angenisukuma kutoka mnarani. Nikaliondoa, nikarudi pale pale: asubuhi mzima, mchana maiti.

Barasa aliniita. “Fundi, mchana ndiyo wakati wetu wa kazi. Nakupa wiki hii tu. Watu wangu wanatukanwa na madereva.”

Nilitoka pale nikiwaona mafahali wa Athieno wakienda zao na mtu mwingine. Nikaamua sitashuka kutoka paa la Barasa mpaka niuone ugonjwa kwa macho yangu. Nikapanda na chapati zangu na darubini, nikakaa karibu na dishi. Saa sita, uwanja una nafasi. Saa saba, malori yanaanza kuingia kutoka upande wa Kenya. Karibu na saa nane likaingia lori la magodoro, limepakiwa juu kuliko kontena lolote, likasimama katikati kabisa. Dereva akapanda juu ya mzigo wake, akajilaza. Nikanyanyua darubini kutafuta dishi la ng'ambo. Nikaona soksi.

Nikapiga kelele: “Wewe! Unafanya nini huko juu?”

Akainuka kwa kiwiko. “Buda, napunga upepo tu. Huku chini jua linaua.”

“Lori hili linaondoka lini?”

“Unaniuliza mimi? Uliza hao wa ofisi. Tangu juzi naingia na kutoka, naambiwa makaratasi hayaendi, netiweki imepotea.”

Nilimtazama, naye akanitazama. Nyuma yake lilikuwa linaingia lori jingine la magodoro, na nyuma ya hilo, lori la mabeseni ya plastiki.

Mmeona? Malori yalisubiri makaratasi. Makaratasi yalisubiri mwale wangu. Mwale wangu ulibebwa na hewa ile ile ambayo malori yalikuwa yameijaza. Kadiri walivyosubiri ndivyo walivyozidi kupangana, na kadiri walivyopangana ndivyo walivyosubiri. Jioni baadhi walikata tamaa wakaenda kulala kwenye vituo vya mafuta, mwale ukapita. Nilipopima mwanzoni ilikuwa asubuhi, uwanja mtupu, nikaandika urefu wa kontena. Kontena nililijua. Godoro sikulifikiria. Anayetoka kwenye minara ya Ghuba anasahau kwamba huku kwetu mzigo unapakiwa mpaka kamba iseme basi.

Mlingoti mrefu ungemaliza shida, na ndio walioutaja wale wa Kampala. Lakini mlingoti wa kuaminika pande zote mbili ulikuwa bei ya ng'ombe wengine, na Athieno hakuwa na wengine. Njia ya pili ni kuweka kituo cha katikati mahali pa juu: redio mbili zaidi, umeme wake, betri zake. Nayo pesa. Nikakaa pale paani nikamsikia Bwana Gurung kama yuko mgongoni: bati litaweza?

Pembeni mwa uwanja kuna loji ya ghorofa ya Mama Nabwire, na juu ya ghorofa kuna kinara cha tangi la maji. Kutoka pale unaviona vichwa vya malori yote. Ningeweka kioo cha bati pale juu, kisimame kwa pembe sahihi. Dishi la Barasa lilenge kioo, kioo kigeuze mwale kuuteremsha kwenye dishi la ng'ambo, juu ya magodoro yote. Hakili umeme, hakina chipu, hakiharibiki.

Mama Nabwire alinisikiliza mikono kiunoni. “Fundi, hiyo si kamera? Mimi wageni wangu ni watu wazima. Hawataki kuonwa.”

“Ni bati tu, mama. Halioni kitu.”

“Na kutu isidondoke kwenye maji yangu.”

“Haitadondoka.”

“Kodi?”

Nikagusa mfuko wangu mtupu. Akanisoma usoni. “Haya. Nakukopesha pembe ya tangi. Ukilipwa utanilipa. Usipolipwa, bati ni langu.”

Kwa haraka zangu nikafunga bati la kuezekea. Halikufanya kitu. Bati lile lina mabonde, na kwa wimbi la punje ya mchele kila bonde ni mlima; mwale ulitawanyika Busia yote. Nilihitaji kitu kinyofu, kigumu, kisichopinda upepo ukipiga. Nikazunguka gereji za mabodi ya malori nikigonga vyuma kwa kidole, mpaka nilipokuta lori lililoanguka, lile la barafu la kubebea samaki kutoka ziwani. Mlango wake wa nyuma ulikuwa alumini laini, umejazwa povu gumu ndani, umenyooka kama meza. Mara hii nilinusa kwanza. Nikauosha siku nzima.

Wandera alikuja kuitazama pesa yake ikipotea, nami nikampa kamba. Huwezi kumwona shemeji akivuta mlango wa lori mpaka juu ya ghorofa ukaendelea kusimama tu bila kumsaidia. Alilalamika ngazi nzima, lakini alivuta. Tukaufunga kwenye kinara kwa boliti zinazoweza kugeuzwa. Kisha nikabandika kioo cha saluni cha Mama Nabwire, kikiwa kimelala bapa, katikati ya mlango. Sikilizeni hapa, ndiyo siri ya kulenga bila mashine ya bei: kaa kwenye dishi la kwanza na darubini, tazama kile kioo, na mwenzako ageuze mlango mpaka ndani ya kioo ulione dishi la pili. Ukiliona wewe, na mwale utaliona.

Nikashuka, nikavuka uwanja, nikapanda kwa Barasa, nikampigia Wandera simu.

“Kushoto kidogo!”

“Kushoto kwangu au kwako?”

“Kwa mlango!”

“Shemeji, mlango una kushoto?”

“Upande wa Kenya! Geuza upande wa Kenya!”

“Sema hivyo basi. Diploma nzima unasema kushoto.”

Kiooni nikaona mawingu, kisha minazi ya plastiki ya baa, kisha nguo za ndani za mtu kwenye kamba, ambazo sitasema ni za nani. Kisha paa la mawakala. Kisha, dogo kama kifuniko cha soda, dishi langu. Nikamwambia akaze boliti. Chini yetu uwanja ulikuwa umejaa godoro mpaka godoro, saa nane mchana, na taa ya redio ikawaka kijani. Dereva wa soksi, ambaye bado alikuwepo, aliitwa ofisini kabla sijamaliza kukunja kamba. Alipita chini yangu akipiga honi kama bwana arusi.

Ilibaki mvua. Mvua ya Busia mnaijua. Nilikuwa nimechagua dishi kubwa kuliko lililohitajika siku ya jua, kwa sababu mvua hulipwa kwa ukubwa wa dishi. Hapo msibane pesa. Mvua ya kwanza ilipopiga, mwale ulishuka lakini ulisimama. Kilichonisumbua ni maji yaliyobaki kwenye uso wa plastiki wa redio baada ya mvua kwisha, yameganda kama utando. Dawa niliipata kwenye stendi ya boda boda: nta ya kung'arishia tangi la pikipiki. Ukiipaka, maji yanajikusanya matone na kuteleza. Nilipaka kila mwezi, na ndoo iliyokatwa nusu nikaifunga juu ya redio iwe mwavuli. Masika yote nililala Busia kwenye chumba cha chini cha Mama Nabwire, ngurumo ikipiga natoka kwenda kutazama taa. Kijani.

Barasa hakunisifu. Masika yalipokwisha aliwakusanya mawakala wake, akawauliza kama kuna mwenye lawama, hakuna aliyeinua mkono, akanilipa pale pale. Baadaye watu wa Malaba waliniita, na wa Tororo, na mkaona nyumba yangu ikimalizika. Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza nilikuwa na deni.

Nilianza kwa Mama Nabwire kwa kuwa nilikuwa kwenye loji yake. Nikampa kodi yake ya pembe ya tangi, na intaneti kwa wageni wake, nikamwomba aniachie mlango pale juu. Nikaenda kwa Wandera. Alihesabu, akainua kila noti kwenye mwanga.

“Hata za shemeji unazikagua?”

“Hasa za shemeji.” Akazitia kwenye droo, akatazama pembeni. “Na mimi hapa kibandani, hiyo netiweki yako haiwezi kufika?”

“Inafika. Utaandikiwa bei.”

Kisha nikaenda soko la ng'ombe. Wale mafahali wa zamani walikuwa wamekwisha kuuzwa mbali, hakuna aliyejua wapi. Nikanunua wawili vijana, wanene, wa kung'aa, nikawaswaga mpaka Mella nikijiona mfalme. Athieno alitoka uani. Hakutazama unene. Alifungua vinywa vyao, akashika shingo zao, akaweka nira. Wakavutana, mmoja mashariki, mwingine magharibi, wakaivunja fito ya ua.

“Hii hajui kazi,” akasema.

“Ni ng'ombe wawili, dada. Deni lilikuwa ng'ombe wawili.”

“Mimi nilikupa ngombe ya kulima. Hii ni nyama.”

Nikavua viatu. Mvua za msimu wa pili zilikuwa zinakaribia, ardhi ya majirani ilikuwa inageuzwa kila upande. Nilikaa Mella, asubuhi kwa asubuhi, mimi nikishika plau na dada yangu akitangulia mbele ya mafahali na fimbo, akiwaita kwa majina aliyowapa. Walinikanyaga. Walilala katikati ya mstari. Watoto wa jirani walikuja kututazama kama wanaokwenda kwenye mpira, na walinishangilia nilipoanguka. Nilirudi kila asubuhi.

Mpaka siku moja fahali wa kushoto alipofika mwisho wa shamba akageuka mwenyewe, bila fimbo, na mwenzake akamfuata, na udongo ukafunguka nyuma yetu mweusi kuanzia mwisho hadi mwisho. Athieno alisimama akatazama mstari ule wote. Kisha akaja, akaitoa mishikio ya plau mikononi mwangu.

“Sasa,” akasema, “wewe unaweza kwenda kwako.”